Metali nzito katika udongo wa bustani: mwongozo kamili kwa mkulima wa Lubumbashi

Ng'oa mche mmoja wa lenga-lenga (mchicha) uliokulia kwenye udongo mzuri, uukung'ute polepole, na utaona mizizi myeupe, myembamba, iliyotawanyika kama nywele na iliyoshikilia chembe za udongo zisizotaka kuachia. Kisha ng'oa mwingine upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba, kwenye kiraka ambapo mbegu huota halafu miche ikadumaa. Mzizi wake ni mfupi, mnene, wa rangi ya kahawia, na ncha zimekuwa butu kana kwamba zimepitishwa motoni. Udongo wote unaanguka kwa mkupuo mmoja kwa kuwa hakuna vinyweleo vya kuushika. Mama mmoja aliyekuwa akilima mboga huko aliniambia kwamba msimu ule alikuwa ameweka mbolea mara tatu na majani yalikuwa bado ya manjano. "Papa, udongo huu umechoka," alisema. Tuliilinganisha mizizi ile miwili juu ya gunia, tukiwa tumechuchumaa, na tangu siku hiyo hakununua tena mbolea kabla ya kupima.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa wakulima wengine wa mboga wa Lubumbashi, ingawa hatua zake zinamfaa pia mkulima wa Likasi, Kolwezi au Kipushi. Jambo ninaloomba lishikwe tangu mwanzo ni hili: shaba hujitangaza, kwa sababu huumiza mmea kabla haijamfikia mlaji kwa kiasi cha kumdhuru. Kadimiamu na risasi, metali nyingine mbili nzito zenye sumu, hazina tabia hiyo. Mboga inaweza kuwa ya kijani, nene na yenye kupendeza sokoni, huku imebeba kadimiamu ya kutosha kudhuru figo za mtu anayeila kila siku kwa miaka. Kwa hiyo mboga kustawi si ushahidi kwamba udongo ni salama, na mkulima anayehukumu kwa macho peke yake atapona madhara ya shaba na kuingia katika madhara ya nyingine bila kujua.

Metali zimefikaje shambani

Kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, wakati wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya enzi ya Wabelgiji, na baadaye kikawa mali ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kwa miongo mingi bomba lake refu lilitoa vumbi lenye shaba, zinki, risasi, kadimiamu, kobalti na arseniki. Kwa kuwa pepo za hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, hasa wakati wa kiangazi, vumbi hilo lilitua zaidi kaskazini-magharibi ya kiwanda, likatengeneza eneo lenye umbo la pia ambalo watafiti wamelichunguza kwa miaka mingi. Karibu na kiwanda udongo wa juu una maelfu ya miligramu za shaba katika kila kilo, wakati udongo wa kawaida duniani una miligramu 20 au 30 tu. Kilima cha Penga Penga, ambacho zamani kilikuwa na miti ya miombo, kilibaki uchi.

Pamoja na vumbi ulitoka moshi wa salfa, ambao ukikutana na mvua hugeuka tindikali. Hili watu wengi hawalifikirii, lakini ndilo lililozidisha ubaya. Udongo wetu mwekundu wa Katanga una uchachu kwa asili yake, na mvua ya tindikali iliuongezea uchachu. Katika udongo mchachu, shaba, zinki, kadimiamu na risasi huachia chembe za mfinyanzi zilizozishika na kuingia katika maji ambayo mzizi unakunywa. Mashamba mawili yanaweza kuwa na kiasi kilekile cha shaba, moja likatoa mavuno na jingine likakataa hata magugu, na tofauti yao yote ikawa ni pH, yaani kipimo cha uchachu: nambari ikishuka chini ya 7, uchachu unazidi.

Vyanzo vingine ni vya karibu zaidi. Kuna mito inayopita penye migodi, penye mahali pa kuoshea mawe na chini ya marundo ya mabaki, ambayo maji yake ndiyo tunayomwagilia kuanzia Mei hadi Oktoba. Kuna Kipushi, takriban kilomita 30 kutoka mjini, ambayo miamba yake ina zinki na shaba pamoja na risasi na kadimiamu. Kuna mahali ambapo betri za magari hupasuliwa ili kutoa risasi. Kuna takataka za mji zilizochomwa zikauzwa kama mboji. Kuna pia dawa za ukungu zenye shaba zinazopuliziwa nyanya mwaka baada ya mwaka, na mbolea za fosfati, ambazo nyingine huja na kadimiamu ndani yake. Mkulima asiyekuwa karibu na kiwanda chochote anaweza kujichafulia shamba mwenyewe kwa njia hizi mbili za mwisho.

Kinachoharibika ndani ya udongo

Udongo ni nyumba ya viumbe, na metali nzito huwaondoa wenyeji wake mmoja mmoja. Minyoo ya ardhi hutangulia kupotea, kwa kuwa haivumilii shaba. Bila minyoo na bila kuvu wa kuozesha, majani makavu hujilimbikiza juu ya ardhi bila kuoza, na rutuba iliyo ndani yake hubaki imefungwa. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharage na karanga, ambao kazi yao ni kuvuta naitrojeni kutoka hewani, nao huathirika. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza kiliona jambo hilo katika shamba lililowekewa tope la maji taka kuanzia 1942 hadi 1961: miaka mingi baada ya kazi hiyo kusimamishwa, bakteria wanaoisaidia klova, mmea wa malisho wa jamii ya maharage, walikuwa bado wameharibika. Mmea wenyewe, mizizi yake ikishaungua, hushindwa kunyonya maji na chuma, ndiyo maana majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mwishowe ardhi hubaki bila kifuniko, mvua za Desemba huipiga, na udongo wa juu, ambao ndio wenye metali nyingi zaidi, husombwa kwenda kwa jirani wa chini.

Metali haziozi. Dawa nyingi za kuua wadudu huvunjwa na jua na vijidudu, lakini shaba ya 1925 bado ni shaba leo. Katanga ina ushahidi mzuri wa jambo hili: kuna mmea mdogo wenye maua ya zambarau unaoitwa kitaalamu Haumaniastrum katangense, ambao hupenda udongo wa shaba, na wanaakiolojia waliutumia kupata mahali ambapo mababu zetu walikuwa na tanuru za kuyeyushia shaba karne nyingi kabla ya ukoloni. Tanuru zilikwisha kubomoka, waliozijenga walikwisha kusahauliwa, na shaba ilikuwa bado ipo pale pale ikiita ua lake.

Hatua ya kwanza: andika historia ya shamba

Kabla ya kutumia faranga moja, chukua karatasi na uchore shamba lako. Onyesha upepo wa kiangazi unatoka wapi, na kuna nini upande huo. Onyesha maji ya kumwagilia yanatoka wapi, na yamepita wapi kabla ya kukufikia. Waulize wazee wa mtaa kama mahali hapo palikuwa na karakana, bohari ya mawe ya madini, njia ya reli au jaa la takataka, kwa maana wao hukumbuka mambo ambayo hayamo katika hati za kiwanja. Andika pia kila kitu ulichokiingiza shambani wewe mwenyewe. Karatasi hii ndiyo itakayoamua metali zipi uziombe maabara, na kwa kuwa kila metali hulipiwa, itakupunguzia gharama.

Hatua ya pili: soma mimea na mizizi

Tembea shambani asubuhi, wakati majani hayajanyauka kwa jua. Tafuta viraka ambavyo mimea ni mifupi kuliko mingine iliyopandwa siku hiyohiyo. Ng'oa mche mzima kwa kuuchimbua na koleo, usiuvute, kisha uuoshe ndani ya ndoo na kuangalia mizizi kama nilivyoeleza mwanzoni. Kwa maharage, subiri yakaribie kutoa maua, chimbua mmea, na upasue vinundu kwa ukucha: kinundu kinachofanya kazi kina wekundu ndani, na kilichokufa au kisichofaa ni cheupe au cha kijivu. Chimba shimo la sentimita 20 kila upande na uhesabu minyoo katika udongo wenye unyevu.

Dalili hizi zinaonyesha mahali pa kupima, hazithibitishi usalama. Ua la shaba, lile la Haumaniastrum, likiwapo lichukulie kuwa ni onyo zito, lakini kutokuwapo kwake kusikutulize.

Hatua ya tatu: chukua sampuli kwa mikono safi na chombo sahihi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, nami nimewahi kuona majibu yakitupwa kwa sababu ya ndoo. Ndoo ya bati lililopakwa zinki huongeza zinki kwenye sampuli. Jembe lenye kutu au rangi, sufuria ya shaba, gazeti la kukaushia, vyote hivyo huacha alama. Tumia koleo la chuma kisichoshika kutu, au kijiti kigumu kilichochongwa, pamoja na ndoo ya plastiki iliyooshwa.

Gawanya shamba katika sehemu zinazofanana: ukingo wa mto ni sehemu yake, mwinuko ni sehemu yake, kiraka kilichodumaa ni sehemu yake. Katika kila sehemu tembea kwa kupindapinda na uchukue udongo mahali 15 hadi 20, ukianza juu baada ya kuondoa majani makavu hadi kina cha sentimita 20. Yachanganye yote kwenye ndoo, vunja mabonge, utandaze kwenye plastiki safi, ugawanye mara nne kama mkate, utupe robo mbili zinazotazamana, na urudie hivyo mpaka ibaki nusu kilo. Ianike kivulini mahali pasipo vumbi, kisha iweke kwenye mfuko mpya wa plastiki, na mfuko huo uutie ndani ya wa pili. Andika kwa penseli kwenye karatasi inayowekwa katika huo mfuko wa nje, kwa kuwa wino huyeyuka kwa unyevu: tarehe, sehemu, kina.

Chukua sampuli ya ziada ya kina cha sentimita 20 hadi 40 angalau mahali pamoja. Ikiwa juu kuna metali nyingi na chini kuna chache, uchafu uliletwa na vumbi au maji. Ikiwa hazipungui kwenda chini, huenda mwamba wenyewe ndio wenye madini, na kubadilisha udongo wa juu hakutakufikisha mbali.

Hatua ya nne: omba maabara vitu vinavyofaa

Omba pH ya udongo katika maji na kiasi cha kaboni ogania (ile itokanayo na mabaki ya viumbe), kwa sababu bila viwili hivyo nambari za metali haziwezi kueleweka. Kisha omba jumla ya shaba, zinki, risasi na kadimiamu, ukiongeza kobalti na arseniki ikiwa uko karibu na mgodi. Ikiwa fedha zinaruhusu, omba pia kipimo cha sehemu inayoweza kunyonywa na mmea, ambacho maabara hukipata kwa kutumia chumvi nyepesi au kemikali ya EDTA au DTPA. Jumla inakuambia ghala lina nini, na kipimo hiki cha pili kinakuambia mlango umefunguliwa kiasi gani.

Kampuni nyingi za madini hapa zina kifaa cha mkononi kinachosoma metali kwa mionzi ndani ya dakika moja. Kwa shaba na zinki kinasaidia sana kutambua viraka vibaya. Kwa kadimiamu usikitegemee, kwa maana kiwango cha kadimiamu kinachotutia wasiwasi mara nyingi ni kidogo kuliko kile ambacho kifaa hicho kinaweza kukiona.

Anayekaa karibu na Chuo Kikuu cha Lubumbashi aanze kwa kubisha hodi katika kitivo cha kilimo. Wakulima watano wakipeleka sampuli zao pamoja na kuchangia gharama, mzigo huwa mwepesi.

Hatua ya tano: soma majibu

Kwa kulinganisha, ninatumia viwango ambavyo Ulaya iliviweka mwaka 1986 kwa mashamba yanayowekewa tope la maji taka, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya udongo wa kilimo. Kwa udongo wenye pH kati ya 6 na 7, mipaka kwa kila kilo ya udongo mkavu ni miligramu 1 hadi 3 za kadimiamu, 50 hadi 140 za shaba, 50 hadi 300 za risasi, na 150 hadi 300 za zinki. Ukiwa chini ya nambari ndogo, endelea kulima na uangalie maji yako. Ukiwa katikati, fuata hatua zote zinazofuata. Ukiwa juu ya nambari kubwa, usilime mboga za majani katika udongo huo wenyewe. Na ikiwa pH yako ni 5, hesabu kwamba uko mahali pabaya zaidi kuliko nambari inavyosema.

Ukipima mboga zenyewe, chunga jambo moja linalowapoteza hata wasomi. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za usalama wa chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 za kadimiamu na 0.3 za risasi kwa kilo ya mboga mbichi. Maabara nyingi hutoa jibu kwa kilo ya mboga iliyokaushwa. Kwa kuwa lenga-lenga ina takriban asilimia 10 tu ya ukavu, jibu la miligramu 2 kwa kilo kavu ni sawa na 0.2 kwa kilo mbichi. Uliza kila mara jibu ni la mbichi au la kavu.

Hatua ya sita: fanya hesabu kabla ya kuota ndoto ya kuziondoa metali

Nimewasikia watu wakishauri kupanda mimea inayonyonya metali na kuitupa, mpaka udongo usafike. Tuhesabu. Hektari moja kwa kina cha sentimita 20 ina takriban tani 2,600 za udongo. Ikiwa una miligramu 100 za shaba zilizozidi katika kila kilo, hiyo ni kilo 260 za shaba. Sasa chukua mavuno mazuri ya mboga, tani 10 mbichi, ambazo zikikauka ni tani moja, na useme zimebeba miligramu 50 za shaba kwa kilo, kiasi ambacho ni kikubwa kwa mmea. Umetoa gramu 50. Ungehitaji mavuno 5,200.

Katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama nchini Japani, ambako wali wenye kadimiamu kutoka mgodini uliwavunja watu mifupa kwa ugonjwa ambao serikali iliutambua rasmi mwaka 1968, walilazimika kubadilisha udongo wa mashamba wenyewe, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 30 hadi 2012. Sisi hatuna fedha hizo. Kazi iliyo ndani ya uwezo wetu ni kuzifunga metali pale zilipo zisiingie kwenye mzizi, na kuzuia nyingine zisiongezeke.

Hatua ya saba: ziba chanzo, kuanzia na maji

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linapendekeza kwamba maji ya kumwagilia yasizidi miligramu 0.2 za shaba, 0.05 za kobalti na 0.01 za kadimiamu kwa lita. Mkulima anayemwagilia lita 5 kwa kila mita ya mraba kila siku kwa siku 120 za kiangazi huweka lita 600, na maji yenye miligramu 0.2 za shaba humwachia miligramu 120 juu ya mita hiyo, ambayo ni chini ya nusu miligramu kwa kila kilo ya udongo. Si nyingi kwa msimu mmoja. Hatari kubwa iko katika tope, kwa sababu metali za mtoni husafiri zikiwa zimeshikamana na matope. Usichote maji mara baada ya mvua kubwa yanapokuwa mekundu, usizamishe ndoo hadi chini, na usibebe kamwe matope ya mto kuyaweka kwenye matuta kama mbolea, hata kama ni meusi na yananukia rutuba. Chimba kisima kifupi mita chache kutoka ukingoni ili mchanga uchuje maji, au yaache yatulie usiku kucha kwenye pipa na uchote ya juu. Hilo halizuii metali zilizoyeyuka ndani ya maji, kwa hiyo kisima nacho kipimwe.

Upande wa upepo panda ua mnene wa kuzuia upepo, kwa mfano wa matete, ili upunguze vumbi.

Hatua ya nane: chokaa na mboji

Lengo ni pH ya 6.5, na isivuke 7. Chokaa iko karibu nasi, kwa kuwa mawe yake huchimbwa Kakontwe, kando ya Likasi. Nunua chokaa ya kilimo, yaani jiwe lililosagwa tu, ikiwa ipo. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, hufanya kazi haraka lakini inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo funika uso, vaa glavu na umwage upepo ukiwa umetulia. Chokaa isiyozimwa usiiguse kabisa.

Kiasi gani? Usikubali kipimo cha kukisia. Chukua vikombe vinne vya plastiki, kila kimoja na kilo moja ya udongo wako mkavu. Cha kwanza usikiwekee kitu, cha pili weka gramu 1 ya chokaa, cha tatu gramu 2, cha nne gramu 3, ukitumia mizani ndogo kama ile ya wauza dhahabu. Changanya vizuri, loanisha kwa maji ya mvua, na uache vikiwa na unyevu kwa wiki mbili. Kisha pima pH ya kila kikombe kwa karatasi za rangi au kifaa kidogo, ukikoroga sehemu moja ya udongo kwa mbili na nusu za maji. Kikombe kinachokaribia 6.5 kimekupa jibu, kwa kuwa kila gramu 1 ndani ya kikombe ni sawa na gramu 260 kwenye mita moja ya mraba ya shamba kwa kina cha sentimita 20. Tuta la mita 10 za mraba lililohitaji gramu 2 litapewa kilo 5 na robo. Ikiwa jibu ni zaidi ya gramu 2, gawanya katika misimu miwili.

Mwaga chokaa mwishoni mwa kiangazi, ifukie kwa jembe, na usubiri angalau wiki mbili kabla ya kuweka samadi au urea, kwa sababu vikikutana mapema naitrojeni hupotea hewani na pua yako itakuambia. Baada ya hapo weka mboji iliyoiva vizuri au samadi iliyooza, kilo 2 hadi 3 kwa mita ya mraba. Mboji hushika shaba na risasi kwa nguvu sana na hurudisha uhai ambao metali zilikuwa zimeufukuza. Mboji hiyo itoke kwenye majani na mavi ya mifugo ya mahali safi; ya jaa la mji usiikubali bila kuipima.

Onyo moja zito: arseniki huenda kinyume. Chokaa inaweza kuilegeza badala ya kuifunga. Ikiwa majibu yako yanaonyesha arseniki nyingi, simama hapa na utafute mtaalamu.

Hatua ya tisa: inua tuta juu ya udongo wa kuletwa

Pale ambapo nambari ziko juu mno, jenga matuta ya sentimita 30 au zaidi kwa udongo kutoka mahali safi. Sisi wa Katanga tuna hazina ambayo wengine hawana: vichuguu vikubwa vya mchwa, ambavyo udongo wake una mfinyanzi na kalisi zaidi na uchachu mdogo kuliko ardhi inayovizunguka. Ukichanganywa na mboji unafaa sana, mradi kichuguu kisiwe ndani ya eneo lililochafuka, kwa kuwa mchwa hupandisha udongo kutoka chini pamoja na madini yaliyomo. Chini ya tuta tandika gunia la plastiki lililofumwa, ili mizizi na jembe visishuke kirahisi.

Hatua ya kumi: badilisha kinachopandwa

Kati ya sehemu tunazokula, kwa kawaida majani hubeba metali nyingi zaidi, mizizi kiasi fulani, na matunda na mbegu kidogo zaidi. Kwa hiyo lenga-lenga, matembele, sombe (majani ya mihogo) na kabichi ya Kichina zihamishiwe kwenye matuta safi, na udongo wenye wasiwasi upewe mahindi, nyanya, bamia, biringanya na maboga, ambayo majani yake pia yasichumwe. Lenga-lenga ninaitaja kwanza kwa makusudi, kwa sababu jamii yake ni hodari wa kuvuta kadimiamu na ndiyo tunayokula na bukari (ugali) karibu kila siku. Viazi vitamu na mihogo vimenywe maganda manene, yasipewe mifugo.

Jikoni, mboga zioshwe kwa maji matatu safi, zikitikiswa jani kwa jani, na maji ya kwanza yamwagwe mbali na bustani. Vumbi lililokaa juu ya jani huondoka hivyo. Kadimiamu iliyo ndani ya jani haitoki kwa kuoshwa, na kupika hakuiharibu. Watoto waoshe mikono kabla ya kula, kwa maana Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi ambacho ni salama kwao. Na akina mama wajawazito wanaotafuna udongo, tuwaambie kwa upole na bila kuwaaibisha kwamba udongo wa mji huu si wa kutafunwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti, kadimiamu na risasi katika mkojo kwa viwango vya juu kuliko wale wa mbali. Kinachoingia kwa mdomo ndicho tunachoweza kukipunguza sisi wenyewe.

Hatua ya mwisho: ardhi isiyolimika, na daftari

Kuna viraka ambavyo havifai chakula chochote. Visiachwe uchi, kwa kuwa vumbi na maji yake vitachafua vingine. Huko Penga Penga watafiti walijaribu jani fupi la asili liitwalo Microchloa altera, linalovumilia shaba, wakilisaidia kwa chokaa na mboji, na liliweza kushika ardhi. Mkulima anaweza kufanya hivyo kwa mafungu madogo ya majani yaliyokwisha kuota yenyewe jirani, akiyapanda mwanzoni mwa mvua kwa umbali wa kiganja, na mifugo isilishwe hapo.

Kila kitu ulichofanya kiandike kwenye daftari: chokaa kiasi gani, siku gani, tuta lipi. Mvua zetu huosha chokaa taratibu na uchachu hurudi, kwa hiyo pH ipimwe kila mwaka na metali kila baada ya miaka mitatu, katika mwezi uleule na kwa kina kilekile.

Kwa yule mama wa gunia, tulirudi mwishoni mwa mvua. Maharage aliyoyapanda baada ya chokaa yalikuwa yamemfika magotini, na alipopasua kinundu kwa ukucha alinionyesha wekundu kabla sijamwuliza. Majirani walikuwa wamekwisha kuja kuomba mbegu za lenga-lenga ili walime pale pale, kwa kuwa ardhi ilionekana imepona. Aliwakatalia. Mfuko wa sampuli ya majani ulikuwa umeondoka wiki iliyotangulia kwenda kupimwa kadimiamu, na mpaka karatasi ile irudi, lenga-lenga ya nyumba yake inatoka kwenye tuta la udongo wa kichuguu lililo nyuma ya jiko.